BANGO HALIELEI



Kila kampeni ya usalama ziwani inakuja na fulana, kofia, mabango na posho za semina. "Vaa jaketi la kujiokolea!" Sawa, lakini liko wapi? Mvuvi wa Butimba haambiwi kwamba maji yanaua. Tuliyaona 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Tena 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, gati lile pale, wakafa watu zaidi ya 220. Kivuko cha watu 101 kilibeba zaidi ya mara mbili! Bango lingefanya nini? Alitakiwa mtu wa kuhesabu abiria na kusema: basi, kimejaa.

Hatupingi elimu. Mwaka 1973 Mtu ni Afya ilifikia watu kama milioni 2: redio, kijitabu, kikundi, halafu jembe. Vyoo vikachimbwa. Wazee wanakumbuka.

Basi tunadai: nusu ya fedha za kampeni inunue majaketi, tukopeshwe kupitia ushirika, tulipe kidogo kidogo kwa dagaa. Na hesabu yake ibandikwe hapa ubaoni. Mabwana semina wakija, waulizwe hilo kabla ya soda.