Mpeleke mwenzio yanakotoka maji

Mwezi huu naongea na wenzangu wa katikati ya jiji, wale ambao mtoko wao ni uleule kila wikiendi: nyama choma, muziki juu, kila mtu na simu yake, halafu teksi. Mshiko umekatika, na cha maana hamjaongea.

Mimi ni mkazi wa Kariakoo, mgao wa maji naujua. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ghorofani kwetu mapenzi yalipimwa kwa madumu: nani apandishe, nani aoge kwanza, nani kamwaga. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Ruvu, na Ruvu inaanzia Milima ya Uluguru, Morogoro.

Basi mpeleke mwenzio huko! Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme, na stesheni yake haiko mbali na Kariakoo. Ndani ya saa mbili mko Morogoro. Chukueni kibali kwa watu wa misitu, TFS, na kijana wa pale awaongoze mpaka Morningside, nyumba iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911. Huku hakuna kukaa kwenye gari na kuchungulia wanyama dirishani. Ni miguu na jasho, na hapo ndipo utamjua mtu wako. Ukichoka, atakusubiri au atatangulia?

Juu zaidi ndiko kwenye hifadhi yenyewe, zaidi ya hekta 24,000 za msitu, na humo kuna ndege wasiopatikana popote duniani ila Uluguru. Na kina dada, hili mtalipenda: kwa mila za Waluguru, ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama. Mmeshapata mada ya kuongea njiani!

Ila mlimani kuna watu, nao wanataka kula na kusomesha. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya mashamba, mvua inashusha udongo mtoni, na kiangazi mto unanywea. Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji maji wa mjini, ikiwamo DAWASCO, waliwalipa wakulima wa Uluguru waliolinda udongo. Wazo lile bado lina akili: anayekutunzia maji naye apate chochote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hela ya kiongozi usiipunguze kama unanunua viatu Mtaa wa Kongo. Kuleni kwa mama lishe wa kijijini, nunueni ndizi zake, na chupa zenu za plastiki rudini nazo. Safari yenu moja haitaujaza mto, lakini wageni wakiwa wengi na hela ikibaki kijijini, mti uliosimama utakuwa na thamani kuliko gunia la mkaa.

Viatu vya raba, sweta, na simu mzime. Tukutane mwezi ujao!