Jeni imesomwa, mtoto wa Marui hajapimwa

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Juzi nilikuwa Marui, Kisarawe, kwenye arobaini ya mtoto wa mjomba. Miaka 4. Kila mara homa, mifupa kuuma, macho ya njano, damu kupungua. Zahanati moja ikampa dawa za malaria, zikaisha, ikampa tena. Majirani wakasema karogwa. Tulipompima mdogo wake mjini, jibu likaja: selimundu.

Nimerudi Dar, mhariri ananipa kazi: andika jinsi sayansi ya jeni inavyotabiri nani ataishi. Nikasoma. Kuna jeni inaitwa BCL11A, inayozima himoglobini ya kichanga, ile tuliyozaliwa nayo. Ikifanya kazi kidogo, himoglobini hiyo hubaki nyingi, na utafiti wa Marekani wa 1994 ulionyesha kuwa wagonjwa wa namna hiyo huishi zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Muhimbili na wenzao walichapisha matokeo ya jeni hiyohiyo kwa Watanzania. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha Casgevy, tiba inayoilegeza jeni hiyo. Bei Marekani: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Siibezi sayansi. Damu iliyosomwa ni yetu pia. Ninachouliza ni hiki: unamtabiria nini mtoto ambaye ugonjwa wake hata jina haujapewa?

Nchini mwetu huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Afrika, inakadiriwa zaidi ya nusu ya wasiotibiwa hufa kabla ya miaka 5. Na dawa ipo: haidroksiyurea, ya kumeza, inapandisha himoglobini hiyohiyo. Majaribio ya Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Mtaniambia serikali haina fedha. Sawa, lakini mbona chanjo zinafika vijijini? Nesi yuleyule akitoboa kisigino cha kichanga, tone moja la damu kwenye kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo makala ya mhariri nimeiandika hivi: Marui, uhai wa mtoto unatabiriwa na umbali wake na kipimo. Kaikata sentensi hiyo. Naiweka hapa.

Mheshimiwa mbunge ukipita kibarazani, jibu. Wazazi, kapimeni.

Nawasilisha.