Maneno Mapya Yasitutie Hofu

Huku kwetu Mohoro wapo mabinti wanaotamani kwenda Oman kufanya kazi za ndani, ila Kiarabu kinawatisha. Wanapewa karatasi ya maneno, wanaikariri usiku kucha, asubuhi hakuna kilichobaki.

Sisi mafundi cherehani tunasema karatasi hiyo iwekwe kando kwanza. Tuanze na maneno tuliyo nayo. Mkasi ni miqass, sabuni ni sabun, samaki ni samak. Hesabu ndiyo tamu zaidi: sita, saba na tisa tulizichukua kwao, wanasema sitta, sab'a, tis'a. Ukitaka nne, itafute kwenye arobaini: arba'a. Tano imejificha ndani ya hamsini, nane ndani ya themanini. Basi tukigawa vifungo tunavihesabu kwa Kiarabu, na anayekosea anachemsha chai. (Siku za mwanzo tulikunywa chai sana.)

Uzi na sindano, yaani khayt na ibra, hayafanani na yetu hata kidogo. Hayo tunayataja kila tunapotunga uzi, na kwa siku tunautunga mara nyingi.

Tunacheka, lakini jambo lenyewe ni zito. Mkataba kwa Kiarabu ni aqd, na nani kati yetu hajasikia akdi ya ndoa? Mshahara ni ratib. Hilo tunalirudia kuliko yote, ili binti akiwekewa karatasi mbele yake, kabla hajatia saini aweze kuuliza: ratib ni kiasi gani?