Lango la Kiwanja Chetu Lifunguliwe

Kila Jumamosi alasiri tunapocheza mpira wa kikapu, watoto wa mtaani husimama nje ya uzio wa waya wakitutazama. Mpira ukiruka nje huukimbilia, na anayeupata huudunda mara mbili tatu kwanza ndipo aurushe ndani. Nawafahamu sana watoto wale, maana nami nilikuwa mmoja wao. Kwetu ni hapa hapa Gongo la Mboto, na nilipoingia bweni katika Kidato cha Kwanza nilivuka waya ule ule niliokuwa nikiushika. Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba nafasi nitoe maoni yangu: lango lile lifunguliwe.

Wasomaji wengi mnamjua Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya alichaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies. Watu husimulia habari hiyo tu. Mimi hupenda zaidi habari za miaka mitatu iliyotangulia, alipokuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Chuo hicho kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo mahali paitwapo Storrs, na mpaka leo Storrs ni kijiji tu katika mji mdogo wa Mansfield. Hata hivyo chuoni pale pana jumba la michezo, Gampel Pavilion, lililofunguliwa mwaka 1990, lenye nafasi ya watu zaidi ya 10,000. Jumba la namna hiyo, kijijini! Michezo mingine huchezwa Hartford, mji mkuu wa jimbo, lakini jumba la Storrs halikuachwa. Pale hapana timu ya kulipwa; timu ya wanafunzi ndiyo timu ya mji. Ilipotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2023, na tena 2024, nadhani hata mwenyeji asiyesoma chuoni siku moja alisema, “Tumeshinda.”

Neno hilo “tumeshinda” ndilo ninalolitaka hapa. Gongo la Mboto pana chuo kikuu, Kampala International University, na wanafunzi wake tunapanda nao daladala, lakini sijamsikia jirani yetu hata mmoja akisema “chuo chetu”. Na sisi je? Mama yangu mwenyewe, mwanawe yumo humu, husema “kule shuleni kwao”.

Siombi jumba. Tuna sakafu ya saruji yenye nyufa na ringi mbili, moja haina wavu. Lakini mtoto wa hapa akitaka kikapu imempasa aende Don Bosco, Upanga, au kwenye kiwanja cha vijana cha Kidongo Chekundu kilichofunguliwa mwaka 2015. Ni kupita uwanja wa ndege, kupita Tazara, na nauli ya kwenda na kurudi. Mzazi gani wa mtaa wetu ataitoa kila Jumamosi? Basi mtoto husimama kwenye waya.

Najua yatakayosemwa. Mwaka jana mpira ulipotea, nasi sote tukasema wameiba watoto wa mtaani. Wiki ya pili ukaonekana bwenini, chini ya kitanda, na sitasema cha nani. Wengine watasema Kidato cha Nne tuna mtihani Novemba. Kweli, lakini alasiri ile tunacheza hata hivyo. Neno la mwalimu mmoja wa zamu lilikuwa zito zaidi: mtoto akivunjika mkono ndani ya shule, nani atajibu kwa wazazi wake? Sina jibu kamili. Nadhani tuanze na wachache, ambao wazazi wao wamekuja wenyewe kutia sahihi, na mwalimu wa zamu awepo.

Nimekwisha kusema na wenzangu wanane wa timu. Tutasimama langoni wawili wawili, saa tisa mpaka saa kumi na moja, na daftari la majina. Kilichobaki ni ufunguo, ambao uko kwa Mwalimu Mkuu, na ringi ya upande wa jikoni ikazwe, maana boliti moja imetoka.