Dawa Ilishindwa, Wagonjwa Wakapona

KANDO YA LUALABA
Na Amisi Ramazani

Agosti 2024 jina la Tunda lilitajwa duniani kote, na wengi walisikia habari ya kuvunja moyo. Katika hospitali mbili, ya Tunda kwetu Maniema na ya Kole kule Sankuru, wagonjwa 597 wa mpox walipewa ama dawa ya tecovirimat ama kidonge kitupu, bila wao wala wauguzi kujua nani kapata kipi. Watafiti wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, na wenzao wa Marekani walipohesabu, vidonda vya waliokunywa dawa havikupona haraka zaidi.

Lakini kuna hesabu nyingine. Waliofariki, makundi yote mawili pamoja, walikuwa asilimia 1.7, wakati nchini kwa jumla mpox ilikuwa ikiua asilimia 3.6 au zaidi. Watafiti wenyewe walisema: mgonjwa akilazwa na kuhudumiwa vizuri, hupona zaidi. Huduma hiyo ni siku 14 au zaidi wodini, mtu wa kuhimiza mtoto anywe maji, mtu wa kuona kidonda cha jana kimeanza kutoa usaha na kumwambia daktari kabla jua halijazama.

Nataka tukae hapo kwenye kumwambia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimlaza mtoto wa mdogo wangu, hospitali nisiyoitaja. Kwenye fishi yake palikuwa pameandikwa kwamba penisilini inamdhuru. Akachomwa penisilini. Alivimba uso usiku kucha, Mungu akamnusuru. Asubuhi msichana wa staji alinifuata uani, anakunjakunja pindo la blauzi yake nyeupe: "Papa, niliisoma ile fishi. Lakini Docta alikuwa amesimama pale. Ningemkatiza namna gani?"

Sikumkasirikia. Alifundishwa sindano, hakufundishwa kusema.

Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alichunguza wodi za Marekani miaka ya 1990 akitazamia timu zinazoelewana zitakosea dawa mara chache. Akakuta ndizo zenye makosa mengi zaidi kwenye madaftari. Alivyoelewa, hazikukosea zaidi kuliko nyingine, ila watu wake hawakuogopa kusema. Na jirani zetu wa Ifakara, Tanzania, walikuwa kati ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008. Kwa orodha hiyo, kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Kwa hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Hapa Kindu mwanafunzi wa uuguzi na wa udaktari wanasoma kila mmoja kwake, kisha wanakutana juu ya kitanda cha mgonjwa. Nawaomba walimu wao wawape somo moja la pamoja, lenye mtihani na pointi. Mmoja ajizoeze kutamka, "Docta, ngoja kwanza." Mwingine, sindano ikiwa tayari mkononi, ajizoeze kungoja.