"Tukishavuna" ya Kila Mwaka



Safari hii tuzungumzie ugonjwa usiopimwa kwa darubini wala kutibiwa kwa sindano, nao ni visingizio vyetu wenyewe.

Tumchukue baba mmoja, mkulima wa mpunga wa Mwamkulu. Hatumtaji jina kwa sababu anaweza kuwa mimi au wewe. Mwezi wa pili, majaruba yakiwa yamejaa maji, tunamwuliza kwa nini nyumba yake haina choo. Anajibu bila kusita: "Tukishavuna, nitachimba." Jibu hilo ni la haki. Wakati huo akiba ya chakula imepungua, palizi inamsubiri, na shimo likichimbwa kwenye ardhi iliyolowa hujaa maji na kubomoka.

Mavuno yanafika. Mpunga unauzwa, madeni yanalipwa, na harusi ya mpwa inachangiwa. Mwezi wa kumi na moja tunamwuliza tena. "Mvua hizo zinakuja," anasema, "tukishavuna."

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii twaitumia mno kuchekana. Kwa maoni yangu, kucheka hakujachimba choo hata kimoja. Mtoto akiwa na homa hatumcheki, bali twatafuta kilicho nyuma ya homa hiyo. Kisingizio nacho ni dalili, na dalili huchunguzwa.

UDHURU NA KISINGIZIO

Lugha yetu ina maneno mawili hapa. Udhuru ni sababu ya kweli inayomzuia mtu. Kisingizio ni sababu anayojifunika nayo. Tabu ni kwamba udhuru hugeuka kisingizio polepole, na mwenyewe asijue. "Tukishavuna" ya mwezi wa pili ilikuwa udhuru. Ya mwezi wa kumi na moja ni kisingizio, kwa sababu kiangazi kizima kimepita, ardhi ikiwa kavu na fedha zikiwa mkononi.

Kwa hiyo kipimo chake ni chepesi: upe udhuru wako tarehe. Sema, "Nazuiwa na jambo hili, nalo litakwisha mwezi fulani." Mwezi huo ukipita na sababu nyingine ikazaliwa mahali pa ile ya kwanza, ujue si jua tena linaloikosesha mbaazi maua.

NI NINI KIMEJIFICHA?

Mara nyingi nyuma ya kisingizio kuna mojawapo ya mambo matatu.

Kwanza, lengo kubwa kupita uwezo. Baba yetu anawaza choo cha matofali na bati, kama cha jirani aliye na duka. Kwa kuwa hawezi hicho, hachimbi chochote. Dawa yake ni kulipunguza lengo. Shimo imara, sakafu inayosafishika, mfuniko wa tundu, ukuta wa kusitiri, na maji na sabuni ya kunawia mikono vyatosha kwa kuanzia. Bati litafuata.

Pili, hofu au aibu. Mama mjamzito anasema, "Nitakwenda kliniki tumbo likionekana." Tusikimbilie kumwita mzembe. Katika zahanati nyingi mama huombwa afike na mwenzi wake ili wapimwe wote wawili, pamoja na kupimwa virusi vya UKIMWI. Huenda mume amekataa, au mama anaogopa majibu, na hayo hawezi kuyasema mbele za watu. Lakini mimba haisubiri. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aonane na wahudumu wa afya mara nane katika ujauzito, mara ya kwanza ikiwa kabla ya majuma 12 kutimia. Mama wa namna hii hahitaji kukaripiwa. Anahitaji shangazi au jirani wa kumsindikiza, na mume wa kuona kwamba safari hiyo ni yake pia. Mume akikataa, mama aende hivyo hivyo na amweleze mhudumu ukweli.

Tatu, kulinda heshima. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, walionyesha kwamba mtu anayetilia shaka uwezo wake huweza kujiwekea kikwazo mapema, ili akishindwa alaumu kikwazo. Nasi tunawajua watu hao. Mtu anayetaka kuacha pombe anapanga kuanza katikati ya msimu wa sherehe, kisha anasema, "Mmeona wenyewe, haikuwezekana."

TUFANYE NINI?

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kwamba nia peke yake ni dhaifu, bali hupata nguvu mtu akiamua mapema atafanya nini, lini na wapi. Kwa lugha ya shambani: "Nikiuza gunia la kwanza, siku hiyo hiyo nanunua saruji ya sakafu. Jumamosi inayofuata, alfajiri, nachimba." Mtu wa namna hii hangoji moyo umtume, kwa kuwa siku imeshapangwa.

Tena asipange peke yake. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho, kuhara na mengineyo, kisha wakakubaliana hatua za kuchukua, na vyoo vingi vikachimbwa. Mtu akitoa udhuru wake mbele ya wenzake, wa kweli husaidiwa, na wa uongo huona haya. Majirani watano wakichimba kwa zamu, "sina nguvu kazi" inakosa pa kukaa.

Jambo moja tusilisahau. Si kila anayekwama ana kisingizio. Dawa zikikosekana au kisima kikiharibika, hayo ni madai halali ya kupelekwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, tena bila kuchoka. Mgonjwa asilaumiwe kwa kosa lisilo lake.

Lakini choo chetu ni chetu. Katika nchi ya majaruba uzembe huu hauishii kwa mwenyewe. Mkojo au kinyesi cha mwenye kichocho kikifika majini, mayai huanguliwa, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeingia majini, awe mpandaji wa mpunga au mtoto anayeoga. Kuhara na kipindupindu navyo hufuata njia ya kinyesi, maji na mikono michafu. Mtoto mchanga anayeharisha huweza kuishiwa maji mwilini kwa muda wa siku moja. Yeye hawezi kuambiwa angoje mavuno.

Jioni ya leo, baba na mama, kaeni mtaje jambo moja la afya mliloliahirisha mwaka jana. Sababu ilikuwa nini? Je, bado ipo? Ikiwa ipo, ipeni tarehe. Ikiwa haipo, jembe liko wapi?