Mafaili ya Ozi Yapande Chombo Gani?



Juzi nilikwenda Ozi kwa jamaa zangu wa upande wa mama, nikiwa na nia ya kukaa barazani siku tatu na kurudi. Sikukaa. Vijana wa kijiji walinishika mkono kabla sijavua viatu, kwa sababu mtu akishapata diploma ya kompyuta basi kwa jamaa zake yeye ni fundi wa kila kitu chenye waya.

Shida yao ilikuwa hii. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitaka orodha ya wakulima ambao mashamba yao yameingiwa na maji ya chumvi, pamoja na picha za kila shamba na za mikoko iliyoharibika. Muda wa mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Ambaye shamba lake halimo, hahesabiwi.

Kwa msomaji asiyejua kwetu: Ozi iko karibu na mdomo wa mto Tana, juu kidogo ya Kipini. Wazee walilima mpunga kwa kutegemea maji matamu ya mto, ambayo bahari ikijaa huyasukuma hadi mashambani. Mto ukipungua nguvu, kinachopanda ni bahari yenyewe, na chumvi hailei mpunga wala mgomba. Kwa hivyo orodha ile si karatasi tu. Ni ushahidi wa mtu kwamba alikuwa na shamba na limekufa.

Walikuwa wameshapeleka mara mbili. Mara ya kwanza kwa WhatsApp, ofisi ikajibu kwamba picha hazionyeshi mahali zilipopigwa. Mara ya pili kwa njia ambayo ofisi yenyewe iliwaelekeza, yaani FTP, ikiwa na jina moja la kuingilia na nywila moja kwa vijiji vyote. Kwa laini ya simu jina lilikubaliwa, kisha kimya. Walipohamia kwenye saiba, picha nyingine zilifika nusu, nyingine zikafika lakini hazifunguki.

Mtu wa mjini atasema ni netiwaki mbovu ya vijijini. Netiwaki ni mbovu, sikatai. Lakini kwa mawimbi ya aina ile kuna chombo kinachovuka na kuna chombo kinachozama, na hapa kosa kubwa lilikuwa la chombo.

Faili likitoka kompyuta moja kwenda nyingine, hufuata kanuni ambazo pande zote mbili zimekubaliana: nani aanze kusema, anajitambulisha vipi, mzigo unapitia mlango gani, na ukikatika njiani inakuwaje. Kanuni hizo ndizo itifaki. Ziko nyingi, na hazikutengenezwa kwa kazi moja.

Tuanze na WhatsApp, maana ndiyo iliyo mkononi mwa kila mtu. Kwa siri si mbaya hata kidogo, ujumbe hufungwa kutoka simu hadi simu. Tatizo ni kwamba picha ikipelekwa kama picha, huibana ipungue ukubwa na huivua maelezo yaliyomo ndani yake, yakiwemo zile nambari za GPS zinazosema ilipigwa wapi. Kwa picha ya harusi hiyo ni salama yako. Kwa picha ya shamba lililokufa, umepeleka picha ya tope lisilo na mwenyewe. Picha hiyohiyo ikipelekwa kupitia sehemu ya hati hufika kama ilivyo, na kama ofisi ingewaambia jambo hilo moja siku ya kwanza, nisingekuwa na makala ya kuandika.

FTP ni mzee. Aliyeiandika mara ya kwanza, Aprili 1971, ni Abhay Bhushan, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, na muundo wake tunaoutumia ni wa Oktoba 1985. Enzi hizo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe wakijuana, kwa hivyo nywila husafiri wazi kama maandishi ya kadi ya posta: anayekaa njiani anaisoma, na faili pia analisoma. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliiondoa FTP mwaka 2021. Maofisini bado ipo, kwa sababu aliyeiweka amestaafu na aliyeirithi anaogopa kuigusa.

Ile kimya ya kwenye simu nayo ina maelezo. FTP hutumia njia mbili, moja ya maagizo na nyingine ya mzigo. Katika hali yake ya zamani, ukishaingia, seva ndiyo inayorudi kukutafuta wewe ili ifungue njia ya mzigo. Lakini kwenye laini za simu wateja wengi hushirikiana anwani moja ya intaneti, na seva inabisha hodi kwenye jumba kubwa bila kujua chumba. Ipo hali ya pili ambayo mteja ndiye anayefungua njia zote mbili, ila programu ya FTP ya kwenye lile dirisha jeusi la Windows, ambayo vijana waliitumia, haina hali hiyo. Na programu hiyohiyo huanza ikidhani kila kitu ni maandishi, ikapekuapekua alama za mwisho wa mstari na kuzibadilisha. Barua haidhuriki. Picha hufika maiti. Dawa yake ni neno moja tu, kuiambia kwamba mzigo ni wa jozi, si maandishi, kabla ya kupeleka. Hakuna aliyewaambia.

Watu wakaona FTP imevuliwa nguo, wakaivisha kwa namna mbili, na majina yake yanachanganya hata wenye kazi. FTPS ni FTP ileile iliyofunikwa kwa usimbaji unaotumiwa na tovuti za benki. Siri imepatikana, lakini njia mbili zimebaki mbili, na kuta za ulinzi za mitandao huipiga vita. SFTP si FTP kabisa, ila wamefanana jina. Hiyo inapita ndani ya SSH, kazi iliyoanzishwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Mlango wake ni mmoja tu, nambari 22, kila kitu kimefungwa, na mzigo ukikatika nusu ya njia programu nzuri huendelea pale ulipoachia. Ndugu yake SCP ni mwepesi, lakini akikatika huanza mwanzo.

Hilo la kuendelea ulipoachia ndilo ambalo mtu wa Nairobi mwenye faiba ukutani halimshughulishi, na kwa Ozi ndilo kila kitu. Fanya hesabu. Picha 140 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 560. Kama laini inapandisha megabiti moja kwa sekunde, hizo ni karibu saa nzima na robo bila kukatika hata mara moja. Nani Ozi amewahi kupata saa na robo bila kukatika? Kwa itifaki isiyokumbuka ilipofika, unaweza kununua bando tatu na usifikishe kitu.

Ndiyo maana HTTPS, ile ya kupakia kwenye tovuti, inategemea nani amejenga tovuti hiyo. Ina siri, inapita karibu kila mahali, na haihitaji mafunzo. Lakini fomu ya kawaida ikikatika kwenye asilimia 90, unarudi sifuri. Zipo huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni ambazo huligawa faili vipande na kuendelea, nazo hufaa. Na kwa kamati inayopeleka folda ileile kila wiki ikiongeza picha chache, ipo rsync, ya tangu 1996, ambayo hulinganisha pande mbili na kupeleka kilichobadilika tu. Kwa mwenye bando dogo hiyo ni neema.

Sasa lililonikosesha usingizi. Tulipoingia kwenye seva ile kwa nywila ya ofisi, tuliona folda za vijiji vingine. Tukaona majina, nambari za vitambulisho, ukubwa wa mashamba. Na kama sisi tunaona yao, wao wanaona yetu, na yeyote kati yetu angeweza kufuta. Hapa ni Tana Delta. Mwaka 2012 damu ilimwagika kwetu na ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa ndani yake. Mahali kama hapa, kumpa kila mtu kalamu na kifutio juu ya orodha ya mashamba ya jirani si uzembe mdogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na zikivuja kwa namna ya kuwadhuru wenyewe amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Nilipomwambia karani, aliniuliza kama nywila inafanya kazi. Nikasema inafanya. Akasema basi hakuna shida.

Msomaji atadhani nakuza jambo. Akumbuke Septemba 1, 2017. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Tume ilikuwa imetangaza kwamba vituo 11,155 havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G, na wasimamizi wangelazimika kusogea mahali penye mawimbi ili watume. Kwa maneno mengine, urais wa nchi ulikuwa na shida ileile ya vijana wa Ozi: picha ya karatasi, mawimbi hafifu, na swali la nani aliigusa njiani. Mahakama ilipoamuru ufunguliwe mlango wa seva, haikuridhika na ilivyofunguliwa.

Mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ambayo kila raia aliweza kuifungua, na karatasi zenyewe zikapelekwa Bomas. Kesi ilipofika mahakamani, ukaguzi haukupata tofauti za maana kati ya picha za tovutini na karatasi zilizokaguliwa. Usimbaji hulinda mzigo ukiwa njiani, hauwezi kusema kilichofika ndicho kilichotoka. Hilo linajulikana kwa kuweka nakala mbili pamoja na kuzilinganisha, na uchaguzi wa 2027 ukifika nitauliza hilohilo kabla ya kuuliza jina la kampuni iliyoleta mitambo.

Wala sisemi SFTP ni hirizi. Mwaka 2023 genge la wahalifu liitwalo Cl0p lilipata tundu kwenye MOVEit, programu ya kibiashara iliyouzwa mahususi kwa kusafirisha mafaili kwa usalama, likakomba data za mashirika zaidi ya elfu mbili. Itifaki zilikuwa nzuri. Programu iliyozibeba ndiyo iliyotoboka. Na SSH yenyewe, mara ya kwanza unapoifikia seva, hukuonyesha alama yake na kukuuliza kama unaitambua. Karibu wote tunaandika ndiyo bila kusoma, ambayo ni sawa na kumkabidhi amana mtu aliyesimama mlangoni kwa kuwa tu mlango ni wenyewe.

Ninachotaka Ozi waombe, kwa barua yenye muhuri wa kamati, ni folda yao peke yao kwenye SFTP. Badala ya nywila, watengeneze jozi ya funguo: wa wazi wanaipa ofisi, wa siri unabaki kijijini na haupigwi picha wala hautumwi kwa mtu. Ofisi iwasomee alama ya seva kwa simu. Kwa ofisi haya hayana gharama mpya, seva nyingi za Linux zina SFTP ndani yake tayari. Yanataka mtu akae nusu siku.

Kwa wiki ile nusu siku hiyo haikupatikana, mtu wa kompyuta alikuwa likizo. Tukafanya tulichoweza. Picha tuliziweka katika faili moja lililofungwa kwa neno la siri, tukachukua muhtasari wake wa SHA-256, ambao ni herufi na tarakimu 64 zinazobadilika kabisa hata ikiguswa nukta moja ya picha. Faili tukalipandisha usiku, wakati laini imepoa, kwa huduma inayoendelea ilipoachia. Lilikatika mara kumi na moja. Kijana mwingine alitoka alfajiri na flashi mfukoni kwenda Garsen, na wallahi, kwa megabaiti kwa saa hakuna itifaki niliyoitaja hapa iliyomshinda.

Ijumaa, tuliporudi kutoka msikitini, karani alipiga simu na kuanza kusoma. Mimi nikifuata kwa kidole kwenye daftari, tarakimu moja baada ya nyingine, mara mbili kwa sababu alichanganya b na d. Zikalingana zote 64. Neno la siri akapewa kwa simu hiyohiyo, si kwa ujumbe, na mashamba ya Ozi yakaingia kwenye orodha saa moja na nusu kabla ya muda.

Kabla ya kuondoka nilijaribu tena ile nywila ya vijiji vyote. Ilifungua.